Mtihani wa leseni ya fiziotherapia: mwongozo kamili wa kujiandaa

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa leseni nilikuwa nimesoma kweli. Kitabu changu cha anatomia kilikuwa kimepakwa rangi ya njano ukurasa baada ya ukurasa, hadi rangi yenyewe ikapoteza maana. Nikafeli. Si kwa alama nyingi, lakini kufeli ni kufeli.

Baadaye ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa mtihani wa chuo. Mwalimu wa chuo anataka kujua kama ulifuatilia masomo yake. Bodi ya leseni ina swali jingine kabisa: tukikuacha na mgonjwa, wawili tu chumbani, atatoka salama? Karibu kila swali utakalokutana nalo limetoka hapo, hata lile linaloonekana kuwa la misuli na mifupa tu. Nilipolielewa hilo nilisoma saa chache kuliko mara ya kwanza, na nikafaulu.

Hatua ya kwanza: fahamu mtihani wako ulivyo

Anza na kanuni za bodi unayoomba leseni kwake, kwa sababu nchi hazifanani. Uingereza, kwa mfano, haina mtihani wa kitaifa wa leseni kwa waliohitimu programu zilizoidhinishwa nchini humo; wao hujisajili kwa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Marekani kuna mtihani wa taifa, NPTE, ambao matokeo yake hutolewa kwa skeli ya 200 hadi 800, na anayefikisha 600 amefaulu. Angalia hapo: 600 si asilimia 75 ya maswali. Ni alama iliyokokotolewa ili toleo gumu na toleo jepesi la mtihani vipimwe sawa. Nimewaona watu wakijitesa kwa hesabu za asilimia zisizohusiana kabisa na jinsi wanavyosahihishwa.

Pakua muhtasari wa maudhui wa mtihani wako, ile karatasi inayoonyesha kila eneo lina maswali mangapi. Ichapishe, uibandike ukutani. Mara nyingi misuli na mifupa ndiyo yenye sehemu kubwa, ikifuatiwa na mfumo wa neva, kisha moyo na mapafu, halafu maeneo madogo kama ngozi na majeraha, vifaa, usalama na utafiti. Mimi nilitumia wiki tatu nzima kwenye bega kwa sababu nalipenda bega. Mtihani haukujali.

Siku hiyohiyo maliza makaratasi: vyeti, tafsiri zilizothibitishwa kama zinahitajika, na jina. Jina kwenye usajili lifanane herufi kwa herufi na la kwenye kitambulisho utakachoingia nacho. Linaonekana jambo dogo mpaka unapozuiwa mlangoni.

Hatua ya pili: jipime kabla hujafungua kitabu

Hii wengi wanairuka kwa sababu inauma. Tafuta seti ya maswali 50 hadi 100 yaliyochanganywa, kaa nayo kwa muda uliopangwa, bila kitabu, bila simu. Utapata alama mbaya. Ni sawa, hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta. Ukishasahihisha, panga makosa kwa maeneo ya ule muhtasari wa ukutani. Sasa una ramani: eneo kubwa unalolifeli ndilo la kuanza nalo, na eneo dogo unalolimudu liache hadi mwisho.

Hatua ya tatu: ratiba unayoweza kuiishi

Kwa mtu anayefanya kazi, wiki 12 zinatosha kama zitatumika vizuri. Saa mbili siku tano za wiki na saa nne siku moja ya mapumziko ni saa 14 kwa wiki. Zaidi ya hapo kichwa hukubali kwa wiki mbili halafu kinagoma. Acha siku moja tupu kabisa.

Wiki nane za kwanza pitia maeneo moja baada ya jingine, lakini kila kipindi kianze na maswali 15 ya mambo uliyosoma wiki iliyopita. Wiki tatu zinazofuata ni za mitihani ya majaribio na kusahihisha. Wiki ya mwisho ni ya daftari la makosa tu. Nitalieleza, maana ndilo lililonivusha.

Hatua ya nne: daftari la makosa

Nunua daftari la kawaida. Kila swali unalokosa, pamoja na kila ulilopata kwa kubahatisha, liandike kwa mambo matatu: nilijibu nini, nilifikiri nini wakati ule, na kanuni gani ingenipa jibu. Usinakili swali zima, utachoka.

Hili hapa moja kutoka kwenye daftari langu. Swali lilikuwa la mgonjwa ambaye gegedu la nyonga ya kulia limelika, anapewa fimbo ya kutembelea. Aishike mkono gani? Nilijibu kulia. Nilifikiri: maumivu yako kulia, basi msaada uwe kulia. Kanuni: mkono wa kushoto. Mgonjwa anaposimama kwa mguu wa kulia, misuli ya pembeni ya nyonga hiyo lazima ivute kwa nguvu ili fupanyonga lisianguke upande wa kushoto, na mvuto huo unakandamiza kiungo chenyewe. Fimbo iliyo kushoto inasukuma sakafu ikiwa mbali na nyonga, kwa hiyo nguvu kidogo ya mkono inaipunguzia misuli hiyo kazi kubwa.

Ona kilichotokea. Sikuandika tu “fimbo mkono wa kushoto”. Niliandika sababu, na sababu hiyo ilinijibia maswali mengine manne ya mwendo, likiwemo la mgonjwa anayeinamisha kiwiliwili upande wa nyonga dhaifu akitembea.

Pembeni ya kila kosa weka alama ya aina yake: sikujua, nilijua nikasahau, nilisoma swali vibaya, nilikuwa na jibu sahihi nikalibadilisha. Baada ya makosa 100 hesabu alama hizo. Kwangu, karibu theluthi ilikuwa kusoma vibaya. Hakuna kitabu cha anatomia kinachotibu ugonjwa huo.

Hatua ya tano: vya kukariri, ukariri kweli

Kuna mambo hayahitaji falsafa, yanahitaji kadi. Andika swali upande mmoja na jibu upande wa pili, pitia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Inayokushinda inarudi mwanzo.

Anza na misuli inayoonyesha kiwango cha neva kwenye uti wa mgongo (C ni shingo, T kifua, L kiuno, S chini ya kiuno). C5 ni kukunja kiwiko, C6 kuinua kifundo cha mkono, C7 kunyoosha kiwiko, C8 kukunja vidole, T1 kutanua vidole. L2 kukunja nyonga, L3 kunyoosha goti, L4 kuinua wayo, L5 kuinua kidole gumba cha mguu, S1 kusukuma wayo chini. Usizisome kama shairi. Simama, kila unapotaja fanya mwendo huo. Chumba cha mtihani kina watu wanaochezesha vidole chini ya meza, na hao ndio waliojiandaa.

Halafu vipimo na alama zake. Nguvu za misuli 0 hadi 5, ambapo 3 ni kumaliza mwendo wote dhidi ya uzito wa kiungo bila kizuizi cha mkono wako. Skeli ya Ashworth iliyoboreshwa, ya kupima ukakamavu wa misuli, ina ngazi sita, 0, 1, 1+, 2, 3 na 4, na ile 1+ ndiyo wanayopenda kuitegea watu. Berg ina kazi 14 za usawa, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 56. Skeli ya Glasgow, ya kupima fahamu, huanza 3 na kuishia 15. Hakuna sifuri, hata kwa aliyepoteza fahamu kabisa. Skeli ya Borg ya zamani, ambayo mgonjwa mwenyewe anasema anajiona anajitahidi kiasi gani, ni 6 hadi 20. Kipimo cha kuinuka na kutembea ni mita 3 kwenda, kugeuka, kurudi na kukaa. Majeraha ya moto kwa mtu mzima huhesabiwa kwa tisa: kichwa 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kiwiliwili mbele 18 na nyuma 18, sehemu za siri 1. Kwa mtoto hesabu hubadilika kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kwa uwiano wa mwili.

Vifaa vya umeme na mawimbi ni eneo dogo, usilale humo. Jua kwamba mawimbi ya sauti ya megahezi 1 hufika ndani zaidi kuliko ya megahezi 3, na ujue mahali ambapo hayapelekwi: juu ya tumbo la mjamzito, juu ya saratani, kwenye macho, juu ya kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Kumbuka tena swali la bodi. Hawakuulizi mashine inafanya kazi vipi kama wanavyouliza ni nani hafai kuwekewa.

Takwimu pia ni chache. Kipimo chenye unyeti mkubwa (kinachowanasa karibu wote wenye ugonjwa) kikitoa jibu hasi, kinakusaidia kuondoa ugonjwa kwenye orodha. Kipimo chenye umahususi mkubwa (kisichowasingizia wasio nao) kikitoa jibu chanya, kinakusaidia kuuthibitisha. Ukilielewa hilo kwa mfano mmoja wa goti, umemaliza nusu ya sehemu ya utafiti.

Hatua ya sita: dalili za hatari ziwe kwenye vidole

Hapa ndipo nisingependa uharakishe. Maswali mengi yanakupa mgonjwa wa kawaida, kisha katikati ya sentensi wanapachika neno moja linalobadilisha kila kitu.

Maumivu ya mgongo ni mgongo, hadi waseme mgonjwa ana ganzi sehemu anazokalia tandiko, au mkojo haumtii, au miguu yote miwili inalegea. Hapo hakuna mazoezi, hapo ni dharura ya kumpeleka kwa daktari saa hiyohiyo. Maumivu ya shavu la mguu mmoja baada ya upasuaji, likiwa limevimba na lina joto, si misuli iliyokaza ya kukandwa. Fikiria damu iliyoganda kwenye mshipa, simamisha tiba, toa taarifa. Aliyeteguka kifundo cha mguu na hawezi kupiga hatua nne, au anaumia ukibonyeza mfupa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa nundu ya kifundo, anahitaji picha ya eksirei kabla hujamfunga bandeji.

Kwenye moyo, kariri hili: mgonjwa akiongezewa kazi, shinikizo la juu la damu linatakiwa kupanda. Likishuka kwa 10 au zaidi huku kazi inaongezeka, simamisha zoezi. Na mgonjwa anayetumia dawa za kundi la beta bloka, zinazopunguza kasi ya moyo, usimwongoze kwa mapigo ya moyo, kwa sababu dawa imeyafunga. Muulize anajisikiaje kwa skeli ya Borg.

Hatua ya saba: jifunze kulisoma swali

Soma hili polepole.

Mwanamume wa miaka 34, aliyeumia uti wa mgongo kiwango cha T4, yuko kwenye mkeka ananyooshwa misuli ya nyuma ya paja. Ghafla anasema kichwa kinampasuka. Uso umekuwa mwekundu, jasho linamtoka usoni, shinikizo ni 190 kwa 110, mapigo 52. Ufanye nini kwanza? (a) Umlaze chali na kuinua miguu. (b) Umkalishe wima na kukagua mpira wa mkojo. (c) Uendelee kunyoosha kwa nguvu ndogo zaidi. (d) Umpumzishe alivyolala na kupima tena baada ya dakika 15.

Anza na sentensi ya mwisho, uliza wanataka nini. Wanataka cha kwanza. Huenda majibu mawili yakafaa kwa nyakati tofauti, wao wanataka lile lisilosubiri. Sasa rudi juu uchukue vitu vitatu: T4, shinikizo limepanda, mapigo yameshuka. Jeraha la T6 au juu yake, pamoja na dalili hizo, ni disirefleksia otonomiki: mwili chini ya jeraha umekerwa na kitu, na ubongo hauwezi kuituliza mishipa ya damu. Shinikizo liko juu hatari, kwa hiyo kumlaza na kuinua miguu kunalizidishia. Mkalishe lishuke, acha kunyoosha, kisha tafuta kinachokera. Kibofu kilichojaa kwa sababu mpira umejikunja ndicho kinachoongoza. Jibu ni (b).

Na (a) imewekwa pale kwa makusudi. Mgonjwa huyohuyo wa T4 akisimamishwa haraka na kuzimia kwa shinikizo kushuka, kumlaza na kuinua miguu ndiyo tiba. Aliyekariri “jeraha la uti, mlaze” atalichagua kwa ujasiri kabisa. Mtunga swali mzuri hutengeneza jibu la uongo kutokana na kitu cha kweli mahali pasipo pake.

Kwa hiyo jizoeze kufunika majibu kwa kiganja. Soma swali, sema jibu lako, ndipo ufunue. Jibu lako likiwepo, lichague na uende. Lisipokuwepo, ondoa kwanza yale yanayoweza kumdhuru mgonjwa, halafu yale yanayoruka uchunguzi na kukimbilia tiba. Mara nyingi yatabaki mawili. Kati ya mawili, chagua linalofanya kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kubadili dozi ya dawa si kazi yako, kumjulisha daktari ni kazi yako.

Hatua ya nane: kama kuna sehemu ya vitendo

Baadhi ya bodi huweka vituo vyenye wagonjwa waigizaji, na dakika chache kwa kila kituo. Fanya mazoezi kwa sauti, na mtu halisi, ukitegewa saa. Kusoma kuhusu kumhamisha mgonjwa na kumhamisha ni vitu viwili.

Chukua mgonjwa wa kiharusi, upande wa kushoto umepooza, atoke kitandani aende kwenye kiti cha magurudumu. Unanawa mikono, unajitambulisha, unathibitisha jina, unaeleza na kuomba ridhaa. Unaweka kiti upande wake wenye nguvu, kulia, kikiwa kimekaa mshazari. Unafunga breki zote mbili. Unainua vikanyagio. Unamfunga mkanda wa kiunoni, viatu viwe miguuni, nyayo zikae sakafuni. Unakinga goti dhaifu kwa goti lako, na kamwe humvuti kwa mkono uliopooza, maana bega lile halina misuli ya kulishikilia. Ndipo unahesabu naye mpaka tatu.

Mimi breki moja niliiacha wazi. Mgonjwa mwigizaji hakuanguka, kiti kilisogea kama inchi mbili hivi, na msimamizi akaandika kitu bila kuniangalia. Kituo hicho nilikipoteza chote pamoja na maelezo yangu mazuri ya kiharusi. Siku hizi nafunga breki hata za toroli dukani.

Sema kwa sauti kila unachokikagua. Msimamizi hawezi kukupa alama kwa jambo ulilolifikiria moyoni. Ukikosea, sema “naomba nirekebishe”, urekebishe, uendelee.

Hatua ya tisa: mitihani ya majaribio

Fanya angalau mitatu kamili, kwa saa zilezile na urefu uleule wa mtihani wenyewe. Ukianza saa mbili asubuhi siku ya mtihani, anza majaribio saa mbili asubuhi. Piga hesabu ya muda mapema: maswali 200 kwa saa 4 ni sekunde 72 kwa swali. Swali likivuka dakika mbili, weka jibu unaloliona bora, litie alama, songa. Angalia pia kama mtihani wako umegawanywa katika sehemu zinazofungwa. Kwenye NPTE, ukishamaliza sehemu huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo “nitalirudia baadaye” lazima iwe ndani ya sehemu hiyohiyo.

Kusahihisha kuchukue muda mrefu kuliko mtihani wenyewe. Pitia na uliyopata. Mengine uliyapata kwa sababu isiyo sahihi.

Kuhusu kubadilisha majibu: badilisha ukiona neno ambalo hukuliona mwanzoni. Usibadilishe kwa sababu roho imetikisika. Daftari litakuambia uko upande gani.

Siku yenyewe

Siku moja kabla, funga daftari mchana. Fika mahali pa mtihani siku chache kabla uone njia na mlango, au angalau ramani yake. Beba kitambulisho, nguo ya kuongezea maana vyumba vya kompyuta huwa na baridi, na kula chakula ulichozoea. Maswali kumi ya kwanza huwa yanatisha kila mtu. Baadhi ya mitihani ina maswali ya majaribio yasiyohesabiwa, na hutayajua ni yapi, kwa hiyo swali la ajabu lisikuharibie linalofuata.

Ukitoka, usikae na wenzako kujadili maswali. Mbali na kujitia presha, mara nyingi umesaini kutoyatoa nje, na bodi hazina mzaha na hilo.

Matokeo yakija vibaya

Omba ripoti inayoonyesha alama kwa kila eneo kama bodi yako inaitoa. Soma kanuni za kurudia kabla ya kulipia tena, kwa sababu kuna ukomo: NPTE inaruhusu mara tatu ndani ya miezi 12, na mara sita maishani. Usirudi haraka eti mambo bado yamo kichwani. Yaliyomo kichwani ndiyo yaliyokufelisha.

Mimi nilipumzika wiki mbili bila kugusa kitabu, nikaiweka ripoti kando ya ule muhtasari wa ukutani, nikazungushia duara maeneo mawili tu: neva, na moyo na mapafu. Kile kitabu chenye rangi ya njano nikampa mtu wa mwaka wa kwanza. Kisha nikanunua daftari.